Padre Asiye na Uzi

Padre Gaudensi Nkoswe alifungua mikono yake akasema, "Bwana awe nanyi." Hakuna aliyemjibu.

Alisubiri kidogo, kiasi cha muda ambao watu wangechukua kusema "Na awe rohoni mwako," kisha akaendelea na misa. Alikuwa amezoea. Mbele yake kanisa la mabati la Kambi ya Lomeru lilikuwa limejaa askari mpaka mlangoni, na alijua kwamba wote walikuwa wamemjibu. Walikuwa wamejibu pamoja kwa njia ya uzi, na pengine kwa moyo kuliko waumini wa parokia yoyote aliyowahi kuitumikia. Ila yeye hakusikia kitu.

Wakati wa sadaka askari walianza kuyumba, kushoto na kulia, kama shamba la mtama likipitiwa na upepo. Hiyo ilikuwa kwaya. Aliwahi kuambiwa kwamba ilikuwa na sauti nne na besi nzuri ajabu. Alichosikia yeye ni magwanda yakisuguana na buti zikikwaruza saruji. Mahali fulani katikati ya wimbo watu kumi hivi walitabasamu kwa wakati mmoja, labda mtu alikosea kuingia, na Padre Gaudensi naye akatabasamu, akichelewa kidogo.

Hakuwa mgeni jeshini. Askofu wake alimtoa parokia moja ya milimani huko Ufipa akiwa padre kijana, akamwambia aende akawahudumie askari wa Shirikisho kwa muda mfupi tu, mpaka apatikane mwingine. Mwingine hakupatikana. Alipoanza, askari walikuwa bado wanakimbia mchakamchaka alfajiri wakiimba matusi ya kuchekesha, na wakimwona padre njiani waliyabadilisha matusi hayohayo kuwa sala bila kukosa mdundo. Alifundisha katekisimu katika mahema. Alizika vijana wengi. Alipanda cheo mpaka umeja, cheo ambacho hakuna aliyemwita nacho.

Kisha uzi ukaja. Ni kitu chembamba kuliko unywele, hupandikizwa nyuma ya sikio na kujitandaza chenyewe ndani. Walioupokea waliweza kuona kwa macho ya wenzao na kusikia kwa masikio ya wenzao, na hawakuhitaji tena kupiga kelele vitani. Baada ya mwaka mmoja hawakuhitaji hata kusema. Midomo ikabaki ya kulia chakula.

Kanisa liliamua kwamba mapadre wa jeshi hawatavaa uzi. Kinachoingia katika kichwa chenye uzi huingia katika vichwa vya wengi, na siri ya maungamo haina mahali pa kukaa humo. Kwa hiyo Padre Gaudensi alibaki mkavu, kama askari walivyowaita watu wa aina yake. Kwa muda walikuwa wawili. Shehe Khatibu wa kambi naye alikataa uzi, akisema kichwa chake kilikuwa na kelele za kutosha, na jioni walicheza drafti kwa vizibo vya soda huku wakisutana. Lakini Shehe Khatibu alistaafu akarudi kwao Pangani. Aliyeletwa badala yake alikuwa kijana mwenye uzi na adabu njema. Alikuja kucheza drafti mara moja, na katikati ya mchezo akacheka jambo ambalo halikuwepo pale. Aliomba radhi. Hawakucheza tena.

*

Kibanda cha maungamo kilikuwa kontena kuukuu lililotandikwa wavu wa shaba ndani, juu, chini na ubavuni. Uzi haukupenya humo. Askari aliyeingia na kufunga mlango alikatika kutoka kwa wenzake, na wenzake waliona pengo lake palepale, kama ulimi unavyoona pengo la jino lililong'olewa.

Kwa sababu hiyo Lomeru walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyeingia kibandani peke yake. Mmoja wa seksheni akitaka kuungama, seksheni nzima ilipanga foleni, ikaingia mmoja mmoja, kila mtu akikaa kama alivyokaa mwenzake, ili asijulikane nani alikuwa na mzigo na nani hakuwa nao. Praiveti Shomari, Mwislamu wa Tongoni, aliingia pia. Alikaa kwenye kiti, akampa padre habari za mbuzi wa mama yake, na siku moja alisinzia mpaka padre akamgusa goti.

Siku Seksheni ya Tatu iliporudi kutoka doria ya bondeni, iliingia yote.

Padre Gaudensi alikuwa amekwisha kusikia kwamba kuna mwanamke mfugaji aliyeuawa huko. Alivaa stola akakaa. Wa kwanza aliingia, akapiga magoti, na sauti yake ikatoka imekwaruza, kama za wote ambao hawasemi kila siku.

"Padre, nimeua. Yule mama alitokea kichakani upande wa kushoto, ana kitu kwapani. Hofu ikanijia, sijui ya nini. Nikafyatua."

Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu pia, karibu kwa maneno yaleyale. Hawakuwa wamepatana. Hatari ikitokea, seksheni yenye uzi huwa mkono mmoja: wa kwanza kuamua huwavuta wengine, na vidole vyote hukaza kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi. Jambo hilo liliokoa wengi. Lakini baadaye kila kichwa hukumbuka uamuzi ule kuwa ni wake. Bunduki tisa zilikuwa zimelia karibu pamoja, na watu tisa walijua, bila shaka yoyote, kwamba ndio walioanza.

Koplo Melkiadi Hyera, kiongozi wa seksheni, alilia. Shomari hakusema habari za mbuzi. "Mimi si wako, Padre," alisema, "lakini hili sina pengine pa kulitua."

Kisha akaingia Praiveti Oresta Tarimo, msichana mrefu wa Kibosho aliyekuwa akitembea mwisho wa mstari siku zote kwa sababu ya hatua zake ndefu.

"Padre, nimeua," alisema. "Nilisikia harufu ya moshi. Wale wanaotega mabomu njiani hukausha tambi za kuyalipulia kwa moshi wa mzeituni wa porini, tulifundishwa, ukiusikia huna muda. Nikaona ana kitu kwapani. Nikafyatua." Alifuta uso kwa kiganja. "Kilikuwa kibuyu cha maziwa. Wafugaji wa huko hufukiza vibuyu kwa mti huohuo, maziwa yasiharibike. Kwetu pia wapo wanaofanya hivyo. Ningepaswa kujua."

Padre Gaudensi alibaki na mkono wake hewani. Aliona kwamba ameuinua, akaushusha. Alimwekea malipizi, akamwondolea dhambi, akamwambia aende kwa amani. Waliobaki kwenye foleni waliingia, na kila mmoja akasema kwamba hofu ilimjia, hakujua ya nini.

Yeye sasa alijua ilikuwa ya nini. Uzi haukupitisha harufu, wala kumbukumbu ya harufu. Wakati wa majaribio ulikuwa unapitisha, mpaka askari mmoja alipokanyaga mzoga wa punda na platuni nzima ikatapika uwanjani mbele ya waziri. Wataalamu wakaiondoa. Kila kruti alikariri jambo hilo kwenye kwata, lakini watu hawafikirii walichokariri. Wanane walikuwa wamevutwa na hofu isiyo na sababu. Mmoja alikuwa na sababu, nayo ilikuwa puani mwake peke yake.

Na huyo mmoja alitoka kibandani akiamini, kama wenzake, kwamba yeye ni mmoja tu kati ya tisa.

*

Kanali Mwanaidi Shekuwe alikuja mwenyewe kwenye kibaraza cha padre, saa ya chai. Alivua kofia yake akaketi. Alikuwa mmoja wa wachache waliojitahidi kuzungumza naye kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayetembea baada ya kufunguliwa plasta.

"Hujambo, Padre."

"Sijambo, Afande. Karibu."

"Nikizungumza na wewe koo linaniuma siku mbili. Nichukulie kama ibada."

"Nitakuchemshia tangawizi."

Kanali alimwacha aweke birika kwenye jiko, kisha akasema lililomleta. Mizani, mashine ya makao makuu inayosoma nyuzi, ilikuwa imemtaja Koplo Melkiadi kuwa ndiye chanzo. Sheria haikujali bunduki ngapi zililia. Ilitafuta aliyeanza. Ndege ingekuja Jumamosi kumchukua akajibu mahakamani, na mwenyewe alikuwa amekwisha kukiri. Akikutwa na hatia angeng'olewa uzi na kufungwa.

Padre Gaudensi alikuwa amewaona waliong'olewa. Walikaa vitandani katika hospitali ya jeshi, vichwa vimeinama upande mmoja, wakisubiri mtu awajibu.

"Nimeongoza watu muda mrefu," Kanali alisema. "Mizani humtaja kiongozi kila mara. Kila mara, Padre. Kila kitu kinapita kwenye uzi wake, na nadhani mashine inaona daraja inasema huo ndio mto. Viongozi wenyewe hawabishi kwa sababu wanakumbuka kwamba walifyatua. Na wote wanakumbuka hivyo." Alizungusha kofia mikononi. "Wewe umewasikia wote tisa. Sikuombi jina. Niambie tu kama nimpandishe ndege au nisimpandishe."

Padre alikuwa amempa mgongo, anatazama birika.

"Afande, juu ya yanayosemwa mle ndani sina ndiyo wala sina hapana. Hata ungeniuliza kama wameingia, ningekujibu hivyo."

"Hata kama anakwenda asiye na kosa?"

Maji yalianza kutoa sauti. Padre hakugeuka.

"Naweza kukusoma ukinyamaza," Kanali alisema, bila ukali.

"Najua. Ndiyo maana natazama birika."

Kanali alicheka kidogo, kicheko cha mdomoni, akakohoa. Alikunywa tangawizi yote kwa adabu. Alipoondoka alisimama kwenye ngazi akasema, "Shehe Khatibu aliniambia una kichwa kigumu. Alikuwa anakusifu."

Padre Gaudensi alikaa na kikombe kitupu mbele yake. Jambo lenyewe halikuwa la kufikiri sana, ndilo lililokuwa likimuumiza. Hakuweza kumwambia Kanali. Hakuweza kumwambia Melkiadi kwamba hana hatia. Hakuweza hata kumwendea Oresta na kumkumbusha maneno yake mwenyewe, wala kumwita, wala kumtazama kwa jicho tofauti na la juzi. Lililosemwa chini ya stola lilikuwa limesemwa kwa Mungu, na yeye alikuwa sikio tu lililoazimwa. Angemwandikia askofu, na askofu angemjibu yaleyale ambayo yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha waseminari.

Alitoka akatembea mpaka kwenye seng'enge na kurudi. Askari walimpigia saluti wakapita kimya wakiwa katika mazungumzo yao. Alijikuta, kwa mara ya kwanza tangu uzi uje, akiwaonea wivu. Si kwa sababu walijua mengi. Kwa sababu hakuna aliyejua lolote peke yake.

*

Mahabusu ya kambi nayo ilikuwa imetandikwa wavu wa shaba. Alhamisi mchana Padre Gaudensi alimkuta Koplo Melkiadi ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ingawa benchi lilikuwepo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina." Melkiadi alijibu upesi, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kisha akashika mdomo. "Samahani, Padre. Sijui tena kiasi chake."

"Kiasi hicho kinafaa. Na mimi sisikii vizuri."

Melkiadi alikuwa ametoka Songea akiwa na miaka kumi na minane na kuwekewa uzi wiki hiyohiyo. Alimtazama padre kama mtu anayemtazama mwenyeji wa nchi ngeni.

"Unaishije huku?" aliuliza.

"Huku wapi?"

"Huku. Nafikiri jambo, halafu linaishia hapohapo. Hakuna anayelipokea. Jana nilikumbuka kitu cha kuchekesha, nikasubiri. Kikaoza."

Padre alikaa chini karibu naye. Alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mimi hutaja vitu," alisema. "Nikiamka nasema kwa sauti: hiki kitanda, hii taa, hili dirisha. Nikienda kanisani nasema: tangi la maji, bendera, mbwa wa mesi. Si sala. Ni kusikia tu kwamba kuna mtu."

"Watu hawakucheki?"

"Wanacheka. Mimi siwasikii."

Melkiadi alitabasamu, na tabasamu likaondoka mara.

"Nilimuua, Padre. Nakumbuka kidole changu. Nakumbuka nilivyoamua. Waende wakaning'oe. Nikijua ni haki nitavumilia." Alimgeukia. "Lile ondoleo ulilonipa. Ni kweli lilinifikia? Maana bado naona kama nimebeba cha mtu."

Maneno matatu tu yangetosha. Yalikuwa mdomoni mwa Padre Gaudensi, mazito na ya kawaida, kama maneno mengine yoyote. Aliyatazama, akayarudisha.

"Ondoleo halipotei njiani," alisema. "Ulichokileta kilipokelewa. Hilo nakuhakikishia."

"Basi," alisema Melkiadi. Baada ya kitambo aligusa ubao uliokuwa karibu naye. "Hili benchi."

"Ndiyo."

"Ile ndoo."

"Ndoo."

Walikaa hivyo wakitaja vitu mpaka vikaisha, maana havikuwa vingi, kisha padre akaaga. Nje jua lilikuwa kali. Alisimama kivulini mwa ghala, na kwa muda hakukumbuka alikuwa anakwenda wapi.

*

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya maungamo kwa kawaida. Padre Gaudensi alijiuliza asubuhi kama alikuwa anaitumia siku hiyo kwa hila, kwa kuwa alikuwa ameingojea. Akaona kwamba angekaa kibandani hata kama hakuna lililotokea. Aliamua kutogusa jambo lolote ambalo muungamaji hakulileta mwenyewe. Wasipolileta, ndege ingekuja.

Seksheni ya Tatu ilipanga foleni. Shomari alikuwa wa mbele.

"Leo sina habari za mbuzi," alisema, akakaa. "Nafasi ya Koplo inauma, Padre. Tunaipapasa muda wote. Hata hatuli vizuri."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ananiuliza kwa nini simpigii simu. Nimesahau namna ya kuongea naye. Nikishika simu nasubiri tu anisikie."

"Mwambie jina lake. Anza na hilo."

Shomari alilifikiria hilo mpaka muda wake ukaisha, akatoka.

Oresta alikuwa wa mwisho. Alipiga magoti, akataja madogo yake: hasira, uvivu, sala alizoziruka. Kisha akanyamaza, na padre alinyamaza pia, mikono imefungana mapajani.

"Lile la bondeni niliungama," alisema Oresta. "Najua limekwisha. Lakini linarudi. Mesini wakichemsha maziwa yakaungulia kidogo, ile harufu inanishika. Wenzangu wanakula tu. Mimi natoka nje. Nataka kuliweka tena hapa, kama inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa," alisema Padre Gaudensi. Alitafuta swali lisilobeba neno la mtu mwingine, lililo la Oresta peke yake, akaligeuza upande huu na upande ule kabla ya kulitoa. "Binti yangu, ulipokuwa kruti mlikariri kitu juu ya uzi. Unakikumbuka?"

Oresta alishangaa, lakini askari akiulizwa cha kwata hujibu kabla hajafikiri.

"Uzi unapitisha nini, Afande? Unapitisha macho, unapitisha masikio, unapitisha mikono, unapitisha moyo. Uzi haupitishi..."

Akasimama hapo.

Padre hakumalizia. Nje, kuku wa mesi alikuwa anakwaruza chini ya kontena, na sauti ile ilisikika ndani kama mtu anayebisha hodi taratibu.

"Nilifikiri wote waliusikia," Oresta alisema mwishowe. "Ule moshi. Nilifikiri wote."

Padre hakusema ndiyo, hakusema hapana. Hapakuwa na birika la kutazama, akatazama mikono yake.

"Kama hawakuusikia, basi hofu ilitoka kwangu. Ikawafikia bila sababu yake." Alipumua. "Koplo hakuanza. Koplo ananibebea."

"Mimi sijakuambia hivyo."

"Hukuniambia."

"Na sikuamuru kufanya lolote. Dhambi uliyoileta imeondolewa tangu siku ile, na malipizi yako ya leo ni Salamu Maria tatu, kama ya wenzako. Hilo lingine ni la dhamiri yako. Ukitoka humu sitakuuliza. Sitakutazama kwa namna nyingine. Hata ukinyamaza."

Oresta alikaa juu ya visigino vyake. Aliangalia mlango.

"Siwezi kunyamaza, Padre. Si kwamba mimi ni mwema. Nikifungua tu huo mlango watajua wote. Siwezi kujua kitu nje peke yangu." Aligusa nyuma ya sikio. "Njia pekee ya kunyamaza ni kubaki humu."

"Mpaka ndege ya Jumamosi iondoke," alisema padre. Hakutaka kumficha kwamba hata njia hiyo ilikuwepo.

"Ungeniruhusu?"

"Sina ufunguo. Mlango unafunguliwa kwa ndani."

Oresta alicheka bila furaha. Kisha akauliza, "Naweza kukaa kidogo? Sijawahi kujua kitu peke yangu. Nataka kuona kikoje."

"Kaa."

Walikaa. Muda wa kawaida wa foleni ukapita. Padre alijua kwamba nje wenzake walikuwa wanaona pengo likizidi kurefuka, na kwamba desturi ya Lomeru ilikuwa inavunjika mikononi mwake, lakini hakumharakisha. Alifikiri kwamba katika maisha yake yote kambini hajawahi kukaa na mtu kimya kimya namna ile, kimya ambacho yeye pia alikuwa ndani yake.

"Kizito," alisema Oresta.

"Ndiyo."

"Wewe unavyo vingapi?"

Oresta hakungoja jibu. Alisimama, akafuta magoti, akafungua mlango.

*

Padre Gaudensi alitoka nyuma yake, stola ikiwa bado shingoni, akaona.

Askari saba waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamelegea, mmoja anafunga kamba ya kiatu. Oresta alipokanyaga ardhi vichwa vyote saba viliinuka kwa pamoja. Aliyekuwa anafunga kamba aliiachia. Shomari alikaa chini mavumbini, taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae. Mmoja alitazama kidole chake cha shahada, akakigeuza, kama kimerudishwa kutoka kwa aliyekiazima.

Kisha jambo likaenea. Mbele ya mesi mtu aliangusha sufuria. Huko uwanjani platuni iliyokuwa kwenye kwata ilipoteza hatua. Kanali alitoka ofisini bila kofia, akasimama barazani. Kambi nzima ilikuwa inasema, inauliza, inajibu, pengine inalaumu, pengine inalia, na Padre Gaudensi alisikia upepo, mabati, na kuku.

Hakuna aliyemtazama. Alianza kuvua stola, aikunje kama kawaida.

Lakini Oresta alikuwa amegeuka. Alimrudia mpaka karibu, akafungua mdomo, na sauti ikakataa. Alikohoa, akajaribu tena.

"Padre. Ni mimi niliyeanza." Alisema kwa nguvu, neno moja moja, na baadhi ya askari walishtuka kusikia sauti ya mtu hadharani. "Nakuambia kwa mdomo, nje, ili na wewe ujue kama watu wengine."

Padre Gaudensi alishika stola kwa mikono miwili. Tangu siku ya kwanza ya jambo lile, hapo tu ndipo aliporuhusiwa kulijua.

"Nimesikia," alisema.

Kanali alikuwa amewafikia. Hakumuuliza padre lolote. Alimtazama Oresta kwa muda mrefu, wakizungumza bila shaka, kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa mahabusu, na mlinzi wa huko akaanza kufungua kufuli. Melkiadi alitokea mlangoni akifinya macho kwa jua. Alipovuka kizingiti uzi wake ukarudi, na yote yakamwingia kwa mkupuo mmoja, mpaka akashika mwimo wa mlango. Alipompata Oresta kwa macho hakusogea. Hata Padre Gaudensi, asiye na uzi, aliona kwamba hapakuwa na hasira usoni pale.

"Wanasema nitazimika nikiingia mahabusu," Oresta alimwambia padre. "Sijawahi kutembea peke yangu tangu nije jeshini. Utakuja?"

"Nitakuja."

Walivuka uwanja wakiwa bega kwa bega. Askari waliwapisha. Alipokanyaga ndani Oresta alisita kama mtu aliyekosa ngazi gizani, akanyoosha mkono, na padre akaushika.

"Padre?"

"Nipo hapa. Hili ni benchi."

Alilipapasa, akaketi. "Benchi," alisema.

"Hili dirisha."

"Dirisha."

"Ile ndoo. Huu ukuta. Huu ni mkono wangu."

Alitaja polepole, akisubiri kidogo baada ya kila kimoja kama alivyozoea, na kila kimoja alichotaja kilijibiwa.